Fataki za Kuwashwa kwa Rimoti: Mkono U Mbali, Wajibu U Karibu

Mwisho wa mwaka unapokaribia, na vilevile katika majira ya harusi na sikukuu, fataki huanza kuulizwa madukani katika miji yetu ya mpakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, Mpondwe na Bunagana. Siku hizi mnunuzi huonyeshwa pia kifaa kingine kando ya fataki zenyewe: rimoti ndogo inayofanana na ile ya kufungulia gari, pamoja na visanduku vyenye betri na nyaya. Muuzaji humweleza kwamba kwa kifaa hicho hatalazimika tena kuinama na kiberiti. Atasimama mbali na kubonyeza tu.

Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Sisi tulio katika kazi ya polisi jamii tumeona vyema kuliweka somo hili mbele ya wasomaji wetu mapema, kabla ya usiku wa sherehe. Hatukusudii kumfundisha mtu yeyote kutengeneza kifaa cha aina hiyo, wala hatukusudii kulaani furaha ya watu. Tunataka mambo matatu yaeleweke: rimoti inafanya nini hasa, haifanyi nini, na ni kwa nini mkaazi wa mpakani anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mwingine yeyote anapokitumia chombo hicho. Neno letu kuu ni hili: rimoti huondoa mkono wa mtu karibu na moto, lakini haiondoi wajibu wake kwa jirani wala kwa sheria.

Kifaa chenyewe hufanyaje kazi

Mtambo wa namna hii una sehemu tatu. Ya kwanza ni rimoti, ambayo hutuma mawimbi ya redio. Ya pili ni kipokezi, yaani kisanduku chenye betri ambacho huyapokea mawimbi hayo na kupeleka umeme kidogo katika waya uliochaguliwa. Ya tatu ni kiwashio, kipande kidogo kilichowekwa kwenye utambi wa fataki, ambacho hupata joto umeme unapopita na kuuwasha utambi huo.

Viwashio navyo viko vya aina mbili, na tofauti yake si ndogo. Kuna vile ambavyo ni waya mwembamba tu unaopata joto kali, bila baruti yoyote ndani yake. Kuna na vile vyenye kichwa kilichopakwa mchanganyiko unaolipuka, mfano wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Hivi vya pili vinaweza kuwaka kwa kusuguliwa, kugongwa, au hata kwa umeme tuli unaotokana na nguo. Ndiyo maana nchini Marekani, ambako fataki huuzwa kwa wingi, kiwashio cha aina hiyo huhesabiwa na serikali ya shirikisho kuwa kilipuzi, na mtu hawezi kukimiliki bila leseni. Mnunuzi asiyejua tofauti hii anaweza kubeba kilipuzi mfukoni akidhani amebeba kipande cha waya.

Faida yake ya kweli

Tuseme haki: kifaa hiki hakikubuniwa bure. Majeraha mengi ya fataki huanzia katika zile sekunde chache ambapo mtu ameinama juu ya utambi. Kanuni za usalama wa bidhaa za Marekani huagiza kwamba utambi wa fataki za raia uwake kwa muda usiopungua sekunde 3 na usiozidi sekunde 9 kabla fataki yenyewe haijafyatuka. Hizo ndizo sekunde anazopewa mtu za kujiondoa. Mzee mwenye goti bovu, mtu aliyekunywa pombe, au kijana anayejikwaa gizani hawezi kuzitosheleza. Fataki yenye utambi mbovu, au iliyohifadhiwa mahali penye unyevu, inaweza kumpa sekunde chache zaidi ya hizo, au isimpe hata moja.

Mtu anayebonyeza rimoti akiwa mbali hayumo katika hatari hiyo. Uso wake hauko juu ya mdomo wa bomba, na vidole vyake haviko kwenye moto. Kwa hiyo, mahali ambapo fataki zimeruhusiwa, na watu wanaozirusha wana ujuzi, kuwasha kwa mbali ni njia bora kuliko kiberiti. Wataalamu wa maonyesho makubwa wamekuwa wakiwasha kwa umeme kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo.

Kosa huanza pale mtu anapoichukua faida hii moja na kuifanya kinga ya hatari zote. Zipo hatari nne ambazo rimoti haizigusi kamwe, na nyingine hata huziongeza.

Hatari ya kwanza: fataki kuelekea pasipotakiwa

Rimoti humlinda anayewasha. Haimlindi anayetazama. Fataki ya kuruka juu hutoka katika bomba au katika sanduku lenye mirija mingi iliyofungwa pamoja; bomba hilo likilala, kinachotoka hufuata upande lilikolala. Tarehe 4 Julai 2013, katika mji wa Simi Valley jimboni California, mabomba ya kurushia yaliangukia upande wa watazamaji katika maonyesho ya hadhara yaliyoendeshwa na wataalamu, na watu zaidi ya 20 wakajeruhiwa. Iwapo wataalamu yanawapata hayo, sembuse mtu aliyesimamisha sanduku lake juu ya udongo usio sawa nyuma ya nyumba.

Jumuiya ya Ulaya imezigawa fataki katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni vijifataki vidogo vya mezani, ambavyo mtu hapaswi kuwa karibu navyo chini ya mita 1. Daraja la pili ni fataki za uani, na umbali wake haupungui mita 8. Daraja la tatu ni za mahali pa wazi na pakubwa, zisizopungua mita 15, na Uingereza huwashauri watazamaji wake wasimame mita 25. Daraja la nne haliuzwi kwa raia. Ni la wataalamu peke yao. Msomaji apime mwenyewe kwa hatua zake: ni ua wangapi katika mitaa yetu ya mpakani wenye mita 15 au 25 zilizo tupu kila upande, pasipo nyumba, kibanda, wala watu?

Tukumbuke pia kilichomo katika mitaa hiyo. Desemba na Januari ni majira ya kiangazi katika sehemu kubwa ya Uganda. Nyasi zimekauka, na mapaa ya nyasi yamekauka pamoja nazo. Kando ya barabara zetu petroli huuzwa katika chupa na madumu, na dumu moja la namna hiyo likikaa kibarazani, cheche moja inayotoka angani yatosha. Mwenye rimoti atakuwa amesimama salama mita 30 kutoka kwenye fataki zake, na huku nyumba ya jirani inaungua.

Hatari ya pili: kuwaka bila kuamriwa

Kiberiti kina sifa moja ambayo rimoti haina: hakiwaki mpaka mtu akiwashe. Kipokezi cha redio husikiliza wakati wote kinapokuwa kimewashwa. Vifaa vingi vya bei nafuu hutumia masafa ya megahezi 433, na masafa hayo hayo hutumiwa na rimoti nyingi za magari na za mageti. Kifaa bora hutuma mawimbi yake kwa namba ya siri inayotambulikana na kipokezi kimoja tu, na huwa na ufunguo wa kukizima kabisa. Kifaa duni huweza kuwa na namba rahisi, iliyowekwa sawa katika seti nyingi zilizotoka kiwandani pamoja. Majirani wawili walionunua seti hizo katika duka moja wanaweza kuwashiana fataki bila kujua, mmoja wao akiwa bado ameinama juu ya nyaya.

Wala tusidhani kwamba kosa hutoka katika vifaa duni peke yake. Tarehe 4 Julai 2012, katika bandari ya San Diego nchini Marekani, maonyesho yaliyopangwa kuchukua zaidi ya dakika 15 yalimalizika chini ya dakika moja. Hitilafu katika kompyuta iliyoongoza uwashaji iliziamuru maelfu ya fataki kufyatuka kwa pamoja. Hakuna aliyeumia. Sababu yake ndiyo somo letu: fataki zilikuwa zimewekwa juu ya majahazi majini, na watu walikuwa mbali. Mashine ilikosea, lakini umbali uliokoa watu. Aliyeweka fataki zake kwa kuitegemea mashine tu, bila kuacha umbali, hana kitu cha kumwokoa siku mashine inapokosea.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na haina udhuru: wakati mtu yeyote yuko karibu na fataki, kipokezi kiwe kimezimwa na betri zake zimetolewa, na rimoti iwe mfukoni mwa mtu yule yule anayeunganisha. Isiachwe mezani, wala asikabidhiwe mtoto aishike.

Hatari ya tatu: kutowaka

Rimoti imebonyezwa, na fataki haikuwaka. Watu wamenyamaza, wengine wanacheka. Hapo ndipo mwenye shughuli hushikwa na aibu na kwenda mbio kuangalia kulikoni. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote. Yamkini betri imeisha, na hapo hakuna jambo. Lakini yamkini utambi umeshika moto kidogo na unaungua polepole ndani. Yamkini kipokezi kimechelewa kupokea, na kitaamka pale atakapofika. Kwa macho mtu hawezi kutofautisha.

Fataki ambayo haikuwaka isisogelewe kwa muda usiopungua dakika 20, na ni heri zaidi dakika 30. Kabla ya kuiendea, rimoti izimwe. Anayekwenda awe mtu mzima mmoja, asiweke uso juu yake, akitoe betri kipokezi kwanza, kisha aimwagie fataki maji mengi na kuiacha iloe. Isijaribiwe mara ya pili. Fedha iliyopotea katika fataki moja ni ndogo kuliko bei ya jicho.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ya watoto. Asubuhi baada ya sherehe watoto huamka kabla ya wazazi wao na kukusanya mabaki. Fataki iliyokataa usiku inaweza kuwaka mkononi mwa mtoto mchana, hasa ikirushwa motoni kwa mchezo. Aliyerusha usiku ndiye anayepaswa kufagia usiku ule ule kwa tochi, na kurudi alfajiri kufagia tena.

Hatari ya nne: moto unaoitwa baridi

Katika kumbi na mahema ya harusi zetu kumezuka desturi ya kuweka chemchemi za cheche pande mbili za njia, zikawashwa kwa rimoti maharusi wanapoingia. Wauzaji huziita fataki baridi. Jina hilo limewapotosha wengi. Cheche za chemchemi hizo hupoa upesi zikiwa hewani, lakini mdomo wa kifaa na cheche zilizo karibu nao zina joto la kutosha kuwasha kitambaa.

Usiku wa tarehe 26 Septemba 2023, katika ukumbi wa harusi kaskazini mwa Iraki, fataki zilizowashwa ndani wakati wa sherehe ziliwasha mapambo ya dari. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wao wakiwa wageni wa harusi hiyo. Dari ilikuwa ya vitu vinavyoshika moto haraka, na milango ya kutokea haikutosha umati ule. Tuyatazame mahema yetu: paa la turubai au plastiki, vitambaa vilivyoning'inizwa kutoka juu hadi chini, maua ya nailoni, njia moja ya kuingilia, na viti mia tatu vilivyobanana. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Ushauri wetu kwa kamati za harusi ni mfupi. Ndani ya hema lenye vitambaa, chochote kinachotoa cheche kisiwashwe, kiwe cha rimoti au cha kiberiti, kiitwe cha baridi au cha moto. Wapiga picha watapata picha nzuri nje, mahali pa wazi.

Kwa nini mpakani ni pengine

Tungeandika hayo yote kwa msomaji wa mji wowote. Lakini sisi tunaishi mpakani, na mpaka una masikio yake.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha katika mji wa Mpondwe ilishambuliwa, na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Upande wa Bunagana, tangu katikati ya mwaka 2022, wakaazi wamesikia milio ya silaha za kweli kutoka ng'ambo, na wamewapokea watu waliokimbia wakiwa na watoto migongoni. Nchi yetu imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi wao walitoka mahali ambapo mlipuko wa usiku humaanisha kukimbia. Kwa watu hawa mlio wa ghafla gizani si burudani. Mama huzima taa, huwaburura watoto chini ya kitanda, au hutoka nao kuelekea vichakani. Watu hukanyagana, wengine huvuka mpaka usiku bila kujua wanakokwenda.

Na si raia tu. Askari walinzi wanaposikia milio mfululizo karibu na mstari wa mpaka hawana budi kuichukulia kuwa hatari mpaka ithibitike vinginevyo. Doria huondoka mahali pake, magari hutumwa, walinzi wa ng'ambo nao hujiweka tayari. Mtu mmoja anayesherehekea siku ya kuzaliwa ya mwanawe anaweza kuwafanya wenye silaha wa nchi mbili wawe macho kwa saa nzima, na katika saa hiyo mwenye haja ya kweli ya msaada akaukosa.

Lipo pia suala la kifaa chenyewe. Tarehe 16 Novemba 2021 mabomu yalilipuka jijini Kampala na kuua watu. Tangu hapo, na hata kabla yake, askari anayekagua mizigo mpakani amefunzwa kutilia shaka kisanduku chenye betri, kipokezi cha redio na nyaya zinazoelekea kwenye baruti. Kwa macho yake, mzigo wa fataki uliokwisha unganishwa na mtambo wa rimoti haupambanuki na kitu kibaya zaidi. Hatadhani, atawaondoa watu, atafunga njia, atawaita wataalamu wa mabomu. Mwenye mzigo atakuwa kizuizini akijieleza, na soko zima litakuwa limesimama. Kijana wa bodaboda aliyepewa kifurushi avushe kwa malipo madogo, bila kuambiwa kilichomo, ndiye atakayekamatwa kwanza. Vijana wetu wajue hili: kifurushi ambacho mwenyewe hataki kukifungua mbele yako si chako kukibeba.

Sheria inasemaje

Sheria za milipuko hazianzi na mabomu. Fataki nazo zimo ndani yake. Kuziingiza nchini, kuzihifadhi kwa biashara na kuziwasha hadharani huhitaji kibali. Hapa Uganda, kila mwisho wa mwaka polisi hutangaza mahali palipokubaliwa kurusha fataki, baada ya wahusika kuomba kwa maandishi na kukaguliwa. Asiyekuwemo katika orodha hiyo hana ruhusa, hata kama kifaa chake ni cha kisasa kiasi gani. Kibali hutolewa kwa mahali, kwa watu na kwa saa maalumu.

Hali kadhalika, karatasi ya nchi moja haivuki mpaka pamoja na mzigo. Fataki zilizonunuliwa kihalali Kenya au Tanzania zinapoingia Uganda bila kibali cha Uganda huwa ni mali ya magendo, na mwenye kuzipeleka upande wa pili hukutana na jambo lile lile. Fataki haziruhusiwi kupelekwa kwa posta wala kubebwa na abiria ndani ya ndege. Katika usafirishaji wa kimataifa zimo katika daraja la kwanza la bidhaa za hatari, yaani milipuko, na sanduku halali huwa na alama ya rangi ya machungwa yenye namba kama 1.4G, ambayo ni daraja la zile zenye hatari ndogo zaidi, au 1.3G, zilizo kali zaidi. Sanduku lisilo na alama, lisilo na jina la mtengenezaji, wala maelezo ya umbali wa kusimama, lisinunuliwe. Anayeliona likiuzwa atoe taarifa.

Kibali kinapojadiliwa, hatutazami mlipuko tu. Tunatazama na umati. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, katika jengo moja la biashara jijini Kampala, watu walikimbilia kutoka nje kutazama fataki za mwaka mpya, wakakanyagana katika njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walikufa, baadhi yao watoto. Hakuna aliyeguswa na cheche. Kilichowaua ni mlango na haraka. Rimoti haijui idadi ya watu waliopo mlangoni. Anayeishika ndiye anayepaswa kujua.

Kwa aliye na kibali

Kwa yule aliyeomba na kupewa ruhusa, na ambaye atatumia mtambo wa rimoti, tunapendekeza mpangilio ufuatao wa siku yenyewe.

1. Asubuhi: mjulishe mwenyekiti wa kijiji wa LC 1 na kituo cha polisi kilicho karibu kuhusu saa hasa ya kuanza na kumaliza. Majirani wapewe habari nyumba kwa nyumba, wakiwemo wageni, wagonjwa, na wenye mifugo. Ng'ombe wakishtuka huvunja zizi.

2. Mchana: pima umbali kwa kamba, usikadirie kwa macho. Ondoa madumu ya mafuta, nyasi kavu na magari. Simamisha fataki juu ya ardhi tambarare, na uzizungushie mifuko ya mchanga ili zisilale. Tazama upepo, watazamaji wakae upande ule upepo unakotoka.

3. Kabla ya giza: unganisha ukiwa peke yako au na msaidizi mmoja, kipokezi kikiwa hakina betri. Weka ndoo za maji na mchanga pande mbili, na mtu wa kuzisimamia.

4. Kabla ya kuwasha: watu wote wakiwa wamekwisha ondoka, weka betri mwisho kabisa, kisha rudi kwenye umbali wako. Hesabu watoto. Njia ya kutokea iwe wazi. Kama kuna wingu la mvua na radi, ahirisha.

5. Wakati wa kuwasha: mwenye rimoti awe mmoja, asiyekunywa kileo, na aone mahali pote kwa macho yake. Akiona mtu amevuka kamba, aache. Rimoti inatenda kazi ukiwa nyuma ya ukuta, lakini anayewasha bila kuona anawasha kipofu.

6. Baada ya kuwasha: zima rimoti. Subiri. Toa betri. Mwagia maji vilivyobaki, viache vilowe usiku kucha, na fagia alfajiri.

Moto ukizuka au mtu akiumia, piga simu namba 999 au 112 bila malipo. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala asali. Jicho lililojeruhiwa lisisuguliwe wala kuoshwa kwa nguvu. Lifunikwe bila kukandamizwa, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kwa majadiliano katika baraza la kijiji

Tunawaomba wenyeviti, walimu na viongozi wa dini walisome somo hili pamoja na watu wao na kuyajibu maswali haya:

1. Katika mtaa wetu, ni wapi palipo na mita 25 tupu kila upande? Kama hakuna, tunakubaliana nini kuhusu fataki za nyumbani?

2. Ni nani miongoni mwetu hushtuka sana asikiapo mlipuko, na ni nani atakayemjulisha mapema?

3. Kamati za harusi zetu zinaweza kupamba mlango wa maharusi kwa njia gani isiyo na moto?

4. Kijana akipewa kifurushi cha kuvusha asichokijua, amwendee nani kwanza?

5. Mlio ukisikika usiku, tutajuaje kama ni sherehe au ni hatari, na nani atapiga simu?

Swali la tano ndilo tunaloliwekea uzito zaidi, kwa kuwa linatuhusu sote, walio na fataki na wasio nazo. Kijiji ambacho kila mwenye sherehe hutoa habari mapema ni kijiji ambacho mlio usiotangazwa hutambulika mara moja kuwa ni wa hatari. Hapo raia huwa wameshiriki katika ulinzi wao wenyewe, na askari hujua aelekee wapi. Tahadhari kabla ya hatari.